Bangili Iliyomshtaki Shangazi

Nilipofika Kiranjeranje mwezi wa saba, likizo ikiwa ndiyo kwanza imeanza, shangazi hakunipa mkono. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za Masoko na za shule ninayofundisha, lakini mikono yake yote miwili ilibaki ndani ya kanga. Nikanuna. Huyu ndiye dada wa baba yangu aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, aliyenisuka nywele kila wiki mpaka nilipokwenda shule ya bweni, na leo ananipokea kama mkaguzi wa elimu. Nilidhani amekasirika kwa sababu sikuja Idi. Nikajisemea, akitaka kununa tutanuna wote, maana hasira zenyewe nimezirithi kwake.

Kaka yangu, yaani mwanawe wa pekee, ndiye aliyenieleza. Alinichukulia begi, akanipitisha nyuma ya nyumba palipoanikwa mihogo, akasema bila kunitazama usoni:

"Dada, Mama anasemwa."

"Anasemwa nini?"

"Kwamba anamroga mjukuu wake."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, kwa hiyo sikucheka kwa muda mrefu.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kiume, wa miezi saba, wa kwanza kuzaliwa hai baada ya mimba mbili za wifi kuharibika. Alipozaliwa, mama yake wifi alikuja kutoka Lindi na bangili ndogo ya fedha, ya tangu enzi za bibi yake, akamvika mkononi. Kwao wanasema mtoto mchanga akivaa fedha, kijicho kikija kinaishia palepale kwenye bangili, hakimfikii mwenyewe. Bangili ikibaki inang'aa, mtoto yuko salama. Ikiingia weusi, basi kuna kitu imekinga, na hapo ndipo watu wa nyumba moja huanza kutazamana.

Bangili ilikuwa imeingia weusi. Wifi aliisugua kwa jivu na ndimu, ikang'aa, na baada ya siku chache ikawa nyeusi tena. Mtoto akaanza kukohoa na macho yakawa mekundu. Wifi si mjinga, hilo naomba nilitangulize. Alianza kufuatilia, akaona kwamba siku shangazi akimbeba mtoto, bangili inasawijika na kikohozi kinakuja. Akamwambia shangazi apumzike kumbeba. Bangili ikatulia, na kikohozi kikapungua. Kama mwanafunzi wangu angefanya uchunguzi kwa makini namna ile, ningempa alama zote.

Mama yake wifi hakuhitaji zaidi ya hapo. Alikwishapata mganga wa huko bara, na mganga angefika Jumamosi. Angemnyoa shangazi kichwa mbele ya majirani, angemnywesha dawa, kisha shangazi angehamishiwa Kilangala kwa ndugu wa mbali, mahali pasipo na watoto wadogo. Siku ile ilikuwa Jumanne.

"Na wewe je?" nilimuuliza kaka. "Unaamini mama yako ni mchawi?"

"Mimi naiona bangili tu, dada."

Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikaenda barazani kuharibu mambo zaidi. Ninafundisha kemia, na mwalimu akikasirika huwa anahutubia. Nilimkalisha wifi na mama yake nikawapa somo zima: uchawi haupo, haijawahi kuonekana maabara iliyoupima ikaupata, waganga wanaishi kwa hofu za watu, na kadhalika na kadhalika. Mama yake wifi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye hereni za fedha masikioni.

"Mwalimu," akasema, "sisi hatujasema kitabu chako kina uongo. Tunasema bangili imekuwa nyeusi. Wewe unasema ni nyeupe?"

Kosa hilo tunalifanya sana sisi tuliosoma. Mtu anakuambia alichokiona kwa macho yake, nawe badala ya kumuuliza kimetoka wapi, unamwambia hakuona. Hapo umeshamtukana, na hata ukisema kweli baadaye hatakusikia. Tena nani mimi wa kumcheka mtu? Nina kitambaa cha bluu ninachojifunga kichwani kila siku ya kwanza ya mitihani ya kidato cha nne, kwa sababu mwaka niliokifunga mara ya kwanza darasa langu lilifaulu vizuri. Miaka mingine nimekifunga wakafeli, na miaka hiyo huwa siikumbuki mpaka nilazimishwe. Binadamu tunahesabu zinazopatia tu, zinazokosa tunaziacha zipite. Lakini wifi hakuwa amehesabu hivyo. Yeye alikuwa na mpangilio wa kweli, kila mara bibi, kila mara weusi, na ndio ulionisumbua. Hakuna kitu kinachotokea kila mara bila sababu.

Jumatano alfajiri nikaenda nao shambani, shangazi na kaka, kwa sababu nilitaka kuwa karibu naye hata kama hataki kunishika. Msimu ulikuwa wa kupulizia salfa, ule unga wa manjano tunaoutumia kuzuia ubwiriunga usiharibu maua ya mikorosho. Kazi hufanywa mapema, umande ukiwa bado kwenye majani, ili unga ushike. Kaka alibeba mashine mgongoni. Shangazi kazi yake ilikuwa kuchota salfa kwenye mfuko kwa kopo na kujaza mashine, na kila akimimina unga unamrudia usoni na kifuani. Mikono alikuwa ameizungushia vitambaa. Nikadhani ni kujikinga na salfa, nikaona afadhali. Nilimnyang'anya kopo nikachota mimi, siku ile na Alhamisi yake, huku namsemesha. Alinijibu kwa mkato.

Tuliporudi Alhamisi, kaka alikwenda kisimani kuoga kisha akaelekea kijiweni kama kawaida yake. Mwanawe humpakata jioni akishatakata. Shangazi hakuoga. Maji ya asubuhi yanamuumiza magoti, kwa hiyo hujifuta uso kwa pindo la kanga na kukaa. Miaka yote amefanya hivyo. Nilipoingia chumbani kwake kutafuta kanga kavu ya kubadili, harufu ikanipiga mlangoni. Chini ya kitanda chake ilipangwa mifuko minne ya salfa, mmoja umepasuka pembeni, na kanga zake zote zimening'inia kwenye kamba juu yake.

"Mbona mmeiweka humu?" nilimuuliza wifi aliyekuwa ukumbini.

"Kwingine inaibwa," akasema. "Kwa Mama ndiko kwenye usalama."

Nikanyoosha mkono kuchukua kanga, na hapo nikakiona kidole changu. Nilikuwa nimevaa pete ya fedha aliyoninunulia shangazi nilipomaliza chuo. Ilikuwa imeingia weusi, ule weusi wa kahawia wenye doa la zambarau pembeni. Nilikaa juu ya kitanda. Nimelifundisha jambo hili ubaoni miaka kumi na moja, fedha ikikutana na salfa inageuka nyeusi, nimewaandikisha watoto wa watu mpaka mikono ikawauma, na bado nilihitaji kidole changu mwenyewe kinikumbushe. Nilijionea aibu, kisha nikafurahi mno, kisha hasira ikanipanda upya. Kwa hiyo wifi alikuwa ameona sawasawa. Weusi ulitoka kwa bibi kweli. Ulitoka kwenye kanga zake na kifuani mwake, kwa sababu alikuwa analala juu ya salfa ya ukoo mzima, na alikuwa analala juu yake kwa sababu ndiye waliyemwamini kuliko wote.

Safari hii sikuhutubia. Nilichota salfa kikombe kimoja, nikamfuata mama yake wifi barazani, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nakuomba hereni zako. Sitazishika mimi. Moja ifukie wewe mwenyewe humu ndani. Nyingine ifunge kwenye kitambaa safi ukae nayo. Kikombe kiwe juani, mbele ya macho yako. Shangazi atashinda kwa jirani mpaka kesho, hatakaribia hapa."

Alinitazama. "Na zikiwa nyeupe zote mbili?"

"Mganga aje. Nitampikia chai mimi."

Alizivua. Moja akaifukia kwa kidole chake, akafunika kikombe kwa kisahani, akakaa nacho mchana kutwa kama anayelinda mpunga usiliwe na kuku. Jioni aliingia nacho ndani mwenyewe, asubuhi akakitoa tena juani. Mimi nilijifanya natulia. Moyoni nilikuwa na hakika, ila nilijua nikikosea kwa bahati yoyote ile, shangazi yangu ananyolewa Jumamosi kama kondoo.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, akakifunua mbele ya kaka, wifi na mimi. Hereni ya kwenye kitambaa ilikuwa inang'aa. Ya kwenye kikombe ilitoka nyeusi kama tako la sufuria.

Kisha mama yake wifi akauliza, "Na kikohozi?"

"Kaka," nikasema, "wewe msimu wa kupulizia unakuwaje?"

"Nakohoa," akajibu. "Nakohoa mpaka msimu wa maembe." Akamtazama mwanawe, akashika kichwa. Miaka yote anakohoa kwa salfa, na hakuwahi kuweka kikohozi chake na cha mtoto kwenye kapu moja.

"Basi na wewe mamako anakuroga," nikamwambia, na wifi akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha kicheko kikamkatika.

"Ya bangili nimeelewa, wifi," akasema. "Na wale wawili je?"

Alikuwa anasema juu ya mimba zake mbili. Ningeweza kumpa hotuba nyingine. Nilimwambia sijui. Nilimwambia huwatokea wanawake wengi, na mara nyingi hata daktari hajui, na kwamba si kosa lake wala la mtu mwingine. Akaitikia kwa kichwa, lakini nilimuona usoni, na tangu siku hiyo nimeacha kusema kwamba watu wanaamini uchawi kwa ujinga. Wifi alikuwa na uchungu wa miaka minne usio na mwenyewe. Mchawi angalau unamhamishia Kilangala.

Hata hivyo uchungu wake haukumpa ruhusa ya kumnyoa shangazi yangu, na hilo nililisema pia. Mama yake wifi alikwenda pembeni na simu. Aliporudi alitutangazia kwamba mganga amepata dharura. Tukampa pole za mganga. Kaka akatoa mifuko uvunguni akaipeleka bandani, akafunga mlango kwa kufuli kubwa, na wifi akaloweka kanga zote za mkwewe kwenye beseni la maji na sabuni.

Nikaenda kwa jirani kumrudisha shangazi. Njiani nilimsimulia yote, salfa, pete, hereni, hata nikamwonyesha kidole. Nilikuwa najisikia mshindi, na nilisema sana. Tulipokaribia uani akasimama.

"Mwanangu, una hakika si mimi?"

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nilikuwa nimeshakubali," akasema. "Nilisema waninyoe tu, labda kitatoka. Maana hata mimi nilikuwa naona, nikimshika tu, mtoto anaharibika."

Katika siku zote zile nilikuwa napigana na watu walioamini kwamba shangazi ni mchawi, na haikunijia hata mara moja kwamba na yeye alikuwa mmoja wao. Nikalia palepale njiani, mtu mzima na pete yangu nyeusi, naye akasubiri nimalize.

Wifi alikuwa amemchemshia maji ya kuoga. Shangazi alipotoka bafuni amejifunga kanga mpya niliyomletea kutoka Masoko, wifi alimwendea na mtoto.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mpokee, mkono umeniuma."

Shangazi alinitazama kwanza mimi. Kisha akaitoa mikono yake nje ya kanga, na ndipo nikaona kwa nini hakunipa mkono siku ile nilipofika. Viganja vilikuwa vimechubuka, vyekundu, ngozi imepasuka katikati ya vidole. Wiki mbili nzima alikuwa anaisugua mikono yake kwa jivu na ndimu.