Toleo la Arobaini na Moja

Kosa langu la kwanza, kabla hata sijafika kwenye hili lililonifanya niukwepe mtaa mzima wa maduka ya redio pale Kariakoo, lilikuwa kutengeneza muziki kwa sikio moja. Hedfoni yangu ilikufa upande wa kushoto nikiwa ndiyo kwanza naanza kujifunza, nikajiambia nitanunua nyingine, sikununua, nikazoea, na mtu akishakizoea kilema chake huanza kukiona kipaji. (Najua inavyosikika. Subirini, inazidi.)

Naitwa Iddi, nakaa Magomeni na mama, na muziki ninaotengeneza chumbani kwangu hata kuueleza naona haya. Ni dubstep, ile ya polepole yenye besi nzito na giza, nimeichanganya na ule muziki wa kompyuta wenye sauti chache kabisa, ambao unaweza kukaa sekunde nane husikii kitu halafu kinadondoka kimlio kimoja kama tone la bomba bovu. Sikufundishwa na mtu. Walimu wangu ni wawili na hawajui kama nipo: prodyuza mmoja wa London ambaye besi yake inakuingia kifuani kama lori linalopita nyuma ya ukuta, na Mjerumani mmoja mwenye sauti tatu tu katika wimbo mzima na bado hutaki uishe. Nilitaka besi ya yule na ukimya wa huyu. Nilikuwa na daftari nimelipiga mstari katikati, kushoto nyimbo zao, kulia zangu, besi yao inaingia sekunde ya ngapi, yangu sekunde ya ngapi, kwao naandika "safi", kwangu naandika "bado". Kurasa kwa kurasa za bado.

Halafu tuna kikundi chetu cha WhatsApp, watu kama ishirini tunaopenda mambo haya hapa Dar, na nikituma wimbo wangu wananiandikia "kazi nzuri, endelea", maneno ambayo anayeyapata anajua maana yake. Siku moja nikatuma wimbo wangu nikasema ni wa kijana mpya wa London. Wakawaka! "Besi hiyo jamani!" "Wenzetu wako mbali sana." Mmoja akanishauri nijifunze kwake. (Yaani nijifunze kwangu.) Mtu mwenye akili angekasirika. Mimi nilifurahi wiki nzima, na tangu hapo nikapata tabia ya kuficha jina langu.

Sasa, wimbo wa besi huwezi kuujua mpaka uusikie kwenye spika kubwa, na spika kubwa sina. Lakini Kariakoo risiti zote zimeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo mnunuzi anajaribishiwa kitu palepale dukani, kwa sauti yote, mpaka roho yake itulie. Nikaona hapohapo ndipo pa kupitia. Jumamosi asubuhi nikatoka na toleo la arobaini na moja la wimbo wangu kwenye simu (msiniulize yale arobaini ya mwanzo yalikuwa na kosa gani, hata mimi sikumbuki), nikaingia duka la mzee mmoja wa Kiarabu, mzaliwa wa palepale Kariakoo, ambaye mtaa mzima unamwita Ami Nassor.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nani jina?"

"Iddi. Naangalia spika tu."

"Angalia, angalia, hakuna anayekufukuza."

Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa fundi Rama. Spika zenyewe zinatoka nje, lakini maboksi ya mbao zinamofungwa anayatengeneza yeye kwa mkono, na nyuma ya kila boksi anaandika R kwa kalamu nyekundu. Ndani walikuwepo akina mama wawili wa Mbagala, Mama Zuhura na mdogo wake, wanaokodisha viti na maturubai ya harusi, na sasa walitaka waongeze spika mbili. Ami alikuwa anawapigia taarabu.

"Taarabu tumeisikia, Ami," akasema Mama Zuhura. "Mimi nataka besi. Vijana wa siku hizi bila besi wanakwambia shughuli imepoa."

Ami akanigeukia. "Iddi, huna wimbo wenye besi humo kwenye simu?"

Ningesema sina. Neno moja, sina, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Nikasema, "Ninao, Ami. Wa jamaa mmoja wa London, anaheshimika sana kwa besi."

Simu ikaunganishwa na spika mbili, kushoto na kulia, ikawekwa juu ya kaunta upande wa Ami, wimbo ukaanza. Unaanza na mvua. Niliirekodi mwenyewe kwa simu, mvua ikigonga bati letu, nikaipunguza mpaka ikabaki mikwaruzo tu, na kwa sikio langu moja ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

"Dada," akasema yule mdogo, "mbona spika inakaanga samaki?"

Kisha ukaja ule ukimya wa sekunde nane. Jamani, ukimya wa Mjerumani una heshima yake huko ulikozaliwa, ila Kariakoo spika ikinyamaza ina maana moja tu, imekufa. Ami akashika waya. Besi ikaingia, vioo vya kabati vikatetemeka, muuza kahawa nje akashika birika lake, halafu kimya tena. Ami akaachia waya kama umemuunguza.

"Rama! Hebu njoo uone, inakata."

Mimi nimesimama pale nawatazama nyusoni, na msidhani ni kwa ajili ya spika. Nilikuwa nasubiri mtu aseme ile besi ni nzuri.

Rama akaleta bisibisi, akafungua skrubu nane, akaingiza mkono, akagonga mbao kwa kidole kama daktari anayegonga mgongo wa mtoto, akafunga. "Ami, boksi zima hili. Labda ni wimbo."

Wote wakaniangalia. Na hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, siyo kule mbele watu wanakopenda kucheka. Nikasema, "Wimbo hauna tatizo. Umetengenezwa studio kubwa. Nimeshausikia kwenye spika nyingine, haukati hivi."

Sikuwahi kuusikia kwenye spika yoyote duniani.

Mama Zuhura akabeba mkoba wake. "Basi Ami, acha tutazame ng'ambo. Ije kunizimikia bi harusi ndiyo anatoka, nani atanisitiri?" Wakavuka mtaa wakaingia duka la mbele.

Ami hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema polepole, mbele ya muuza kahawa na wapagazi waliokuwa wamesogea, "Rama, mara ngapi nakwambia upime kabla hujaniletea? Maboksi yako yaliyobaki hapa kayachukue urudi nayo. Tutaongea siku nyingine."

Yalikuwa sita. Rama akayaangalia yote sita moja moja. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Ami, nipe dakika tano," Rama akasema. "Naomba wimbo upigwe mwanzo mpaka mwisho, mtu asiguse waya. Boksi naliacha wazi, kila mtu aone." Akafungua skrubu zilezile nane kwa mara ya pili. "Na nyie nyamazeni."

Wakanyamaza kweli, Kariakoo, Jumamosi! Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, watu wameinamisha vichwa wanasikiliza ubovu. Dakika ya tatu mvua yangu inarudi, nzito zaidi, na hapo, kutoka spika ya kushoto, upande ambao kwangu ulikufa zamani, safi kama mtu kasimama mlangoni:

"Iddi! We Iddi! Anua nguo, mvua hiyo!"

Mama yangu. Siku ile narekodi alikuwa uani ananiita, simu ikamnasa upande wa kushoto, na mimi na matoleo yangu arobaini na moja sikuwahi hata mara moja kuusikia upande wa kushoto. Kibaya zaidi kile kipande nilikirudia mara nne, kwa fahari kabisa. Kwa hiyo mama akaniita mara nne. Mara ya pili akawa kama amekasirika. Simu iko upande wa Ami, siwezi kuifikia.

"Kumbe London nako wanaanua nguo!" akapiga kelele muuza kahawa, na mtaa ukaanguka kwa kicheko. Mpagazi mmoja akakaa chini kabisa.

Ami akaniangalia. "Iddi si ndiyo wewe?"

Rama hakucheka. Akauliza, "Huu wimbo wako?"

"Wangu, fundi."

"Na boksi langu?"

"Halina kosa lolote."

"Usiniambie mimi. Kawaambie wale akina mama."

Nikavuka. Niliwakuta spika zao zinafungwa kamba kwenye guta la mizigo. Nikawaeleza yote, nikijikwaa kila neno, na Mama Zuhura akanisikiliza mpaka mwisho. "Tumeshalipa, mwanangu. Unajua mwenyewe risiti za hapa." Akaniangalia tena. "Sasa wimbo wako mwenyewe, mama yako mwenyewe yumo ndani, Mzungu umemtoa wapi?"

Nikawashikia mwisho wa kamba mpaka ikafungwa.

Niliporudi, Ami alikuwa anamwomba radhi Rama, kwa sauti, mbele ya watu walewale, na maboksi yalibaki dukani. Rama alikuwa anakaza skrubu ya nane. Bila kuniangalia akasema, "Kuna kitu nilitaka kukuambia kuhusu hiyo besi yako. Sikwambii."

Fikirini. Nimedanganya kikundi kizima, nimemvunjia fundi heshima na kumpotezea Ami wateja, yote nipate mtu mmoja wa kuniambia ukweli kuhusu besi yangu, na huyo mmoja nilimpata.

Miezi mizima nilikuwa nikienda sokoni nazungukia mbali, maana wapagazi walishanibatiza: "Oyaa London! Umeanua?" Siku hizi napita, naitika.

Kilichobadilika ni kidogo. Hedfoni yangu mpya inasikika masikio yote mawili. Daftari lile limebaki na upande mmoja tu, wangu. Kikundi nimekiambia ukweli, wakanyamaza kama Mjerumani. Sauti ya mama nimeiacha humohumo, kushoto, na popote ninapoupiga wimbo ule, kabla ya mvua kuanza, nasema kwanza kwamba huu ni wangu. Fundi Rama ananijibu salamu. Kuhusu besi bado hajaniambia, na mimi siulizi.