Mashine Iliyopimwa Uchi

Zamani fundi alipokurudishia redio, alikupa na kipuri kibovu alichokitoa, kimefungwa kwenye karatasi, ukione kwa macho yako. Siku hizi unarudishiwa mashine yenye stika juu ya skrubu, na ukiichana, dhamana imekwisha. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na bado unasema asante.

Kwa hiyo mpwa wangu mwenye studio ya picha, mtoto wa dada yangu, alipotaka kupeleka kompyuta kwa fundi Taratibu, nilimwambia kwanza atie doa la rangi ya kucha kwenye memori zake, vile vibao viwili vya kumbukumbu ndani ya kompyuta, ili azitambue zikirudi. Akacheka, lakini akatia.

Taratibu ni mjane wa makamo. Ufundi aliupata kwa kufungua mashine zilizokufa, watoto wakilala chini ya meza. Chumba chake kimebanana na cha kinyozi. Mezani kwake kompyuta hukaa imevuliwa ubavu, feni inaipuliza. Mpwa alitaka yake iende mbio. Taratibu akamweleza kwamba memori zile hufanya kazi kwa utulivu kwenye volti moja nukta mbili. Kwa spidi iliyoandikwa kwenye lebo zitahitaji moja nukta tatu tano, wala yeye hapandishi zaidi ya hapo. Kinyozi akadakia kwamba naye angependa kuongezewa volti.

"Wewe ukiongezewa utakata watu masikio," Taratibu akamjibu.

Alizipandisha mpaka hapo, akazipima mchana kutwa, akasema ziko salama. Akabandika stika yake.

Wiki haikuisha. Picha za harusi zikaanza kuharibika kila zilipohifadhiwa. Uso wa bibi harusi ukakatwa na mistari ya kijani. Wenyewe walikuwa wanazisubiri, na mwaka ule mpwa alikuwa ameshapoteza wateja wa kutosha. Nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo: memori zako nzuri zimeuzwa, umewekewa makapi. Tukaenda.

"Mama, nirudishie memori zangu," mpwa akasema, hata salamu hakutoa.

Kinyozi alizima mashine yake ili asikie vizuri. Taratibu hakubisha. Aliomba tu kuona mahali kompyuta inapofanyia kazi. Nikajisemea, huyu anatafuta upenyo.

Tulipofika studio, Taratibu aliichana stika yake mbele yetu. Madoa mekundu yalikuwepo, yote mawili. Mpwa akanitazama. Nikakohoa, nikasema doa haliponyi picha.

Kompyuta ilikuwa ndani ya kabati, milango imefungwa kwa ajili ya vumbi, na juu yake kitambaa alichofuma dada yangu. Taratibu aliirudisha vilevile, kitambaa na kila kitu, akaanzisha programu ya kupima memori. Mwanzoni kioo kilikuwa safi. Joto lilipopanda kabatini, mistari myekundu ya makosa ikaanza kushuka. Akafungua milango, akaiacha ipoe, akapima upya. Safi.

Nilimtazama sana hapo. Kabati si lake, kitambaa si chake. Angesema neno moja tu na lawama ingemwangukia mpwa wangu. Mafundi wa leo ndivyo wanavyosema.

"Kosa ni langu, mwanangu," akasema. "Niliipima uchi, wewe unaitumia ikiwa na koti."

Akarudisha spidi ya kawaida na volti moja nukta mbili, akafunga kabati, akapima tena kabatini humohumo. Mpwa alivuta kigoda akakaa mbele ya kioo, hakubanduka mpaka kipimo kikaisha bila kosa. Kadi ya kamera ilikuwa haijafutwa, wakazinakili picha upya. Kompyuta sasa inakwenda polepole, na bibi harusi ana uso wake.

Siku hizi ukipita kwa Taratibu utakuta kompyuta zimefunikwa blanketi, na kinyozi huwauliza wateja kama zina homa. Kando ya bisibisi pana kichupa cha rangi nyekundu. Hapokei mashine kabla ya kutia doa kwenye memori, mwenye mashine akiwa anatazama, wala hairudishi kabla ya kumfungulia alione.

Hilo angalau ni jambo la kiungwana. Nami nikipeleka mashine hapo, natia doa langu la pili, upande asiouona.