Udongo Nilioupima Mezani

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, kazi yangu ilikuwa kupima udongo na majani. Kila baada ya siku kumi nilipanda baiskeli kutoka Mkonze hadi kwenye kiwanja chetu cha utafiti upande wa Zuzu. Nililaza chini fremu ya mita moja ya mraba, nikafyeka majani yaliyomo, nikachota udongo kwenye kopo. Ofisini nililipima kopo, nikaliingiza kwenye oveni mpaka udongo ukakauka kabisa, kisha nikalipima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Niliujaza kwenye fomu, fomu ikaenda chuo kikuu, na huko wataalamu waliilisha kompyuta. Walitueleza kwamba ardhi nayo hupumua: maji inayoyashika, na yale ambayo majani huyarudisha angani, yana neno katika mvua ijayo. Kompyuta ikishaijua ardhi ya Dodoma, itabashiri vizuri zaidi. Niliamini hivyo, na mpaka leo naamini.

Ila mshahara wenyewe ulikuwa wa kununulia chumvi. Kila mtu pale ofisini alikuwa na mradi wake, huyu kuku, yule maandazi. Mimi niliuza mitumba. Robota la nguo likifunguliwa sokoni wewe hupo, unabaki kugombania soksi zisizo na jozi. Mwaka mmoja, mwezi wa pili, mvua zilipokatika na jua likawaka kama linavyowaka kwetu, siku ya kupima iligongana na siku ya robota mara tatu mfululizo. Mara zote tatu nilikaa mezani, nikachukua nambari za mwezi uliotangulia, nikazipunguza kidogo, nikajaza fomu. Kiwanja chenyewe kilipakana na shamba la baba yangu, nikajiambia udongo wa kwetu naujua.

Msimu uliofuata ripoti ilirudi imechapwa vizuri, ina hata ramani. Ilisema mvua zitaisha mapema, na kwamba upande wa Zuzu udongo hushika maji muda mrefu hata mvua zikikatika. Mimi niliyejaza zile fomu niliisoma kama habari mpya. Nambari zangu zilikuwa zimerudi zimevaa suti, sikuzitambua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika chuo kikuu ikarudi na muhuri.

Baba alikuwa mgane, na alipanda uwele kwa mafungu matatu kama wazee wake. La kwanza alilitupa kwenye vumbi kabla ya mvua, la pili baada ya mvua ya kwanza, na la tatu lilibaki jikoni, masuke yakining'inia kwenye moshi, hadi ahakikishe mvua zimekuja kukaa. Mbegu ile ilikuwa ya mama. Aliichagua suke kwa suke kila mavuno, hata mwaka aliofariki.

Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Baba, mwaka huu usigawanye. Mvua ya kwanza ikinyesha, panda yote."

"Na ikikatika?"

"Udongo utashika maji. Tumepima."

Alinitazama, akatabasamu. "Haya. Nilikusomesha ili unijuze nisiyoyajua."

Mvua ilinyesha siku mbili. Alipanda yote. Baada ya hapo likawa jua tupu, na wiki ya nne nilipokwenda, miche ilivunjika nilipoigusa. Nilichimba kwa vidole mpaka kifundo cha mkono, nikatoa vumbi. Hapo ndipo zile siku tatu za robota ziliponijia, moja baada ya nyingine. Niliona aibu, nikakaa pale pale kwenye tuta.

Mvua ziliporudi, majirani walimgawia mbegu kutoka mafungu yao ya tatu, naye akavuna cha kumfikisha mwaka mwingine. Njaa haikumpata. Lakini uwele wa mama haukuwepo tena mahali popote.

Tulikuwa tukipura ule wa majirani aliponiuliza, bila kusimamisha fimbo yake, "Hiyo kompyuta ilipita lini kuliona shamba langu?"

"Haikupita, baba. Iliambiwa."

"Basi aliyeiambia hakuwa mtu wa huku."

Nilimtazama. Hakuwa ananitega; alikuwa ananitafutia njia ya kutokea, na mimi nikaipita.

"Ndiyo, baba. Alikuwa mgeni."

"Tumsamehe. Hakujua."

Wiki ile ile niliwaandikia chuo kikuu ukweli wote. Walijibu kwa barua ya mistari miwili kwamba nambari zile tatu zimefutwa na hesabu itarudiwa. Baba aliishi miaka sita zaidi, na sikumwambia.