Waliojificha Kwenye Makaburi ya Bami

Kisiwa chetu kiko katika ziwa dogo huko Masisi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nyamitaba. Niliolewa pale. Tulikuwa jamaa chache, tukilima maharage na viazi na kufuga mbuzi. Juu ya kilima cha kisiwa palikuwa na msitu mdogo ambao haukuwahi kukatwa, na ndani yake makaburi ya bami, watawala wetu wa zamani. Mama mkwe wangu ndiye aliyeyatunza tangu mumewe afariki. Bila ruhusa yake hakuna aliyeingia, na aliyeruhusiwa aliingia peku.

Vita ilipofika ng'ambo, tulisikia risasi tukaendelea kupalilia. Maji yalitudanganya.

Asubuhi moja, mume wangu akiwa amekwenda Sake, mtumbwi ulifika na watu wawili: mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka ng'ambo, pamoja na mke wake.

"Banatutafuta," alisema akihema. "Banasema niliuzisha adui yao chumvi."

Nilipotazama ziwani, mitumbwi miwili iliyojaa wenye silaha ilikuwa tayari inakuja. Nyumba zetu hazikuwa na mahali pa kumficha hata kuku. Mama mkwe aliugeukia msitu.

"Mama, kule?" nilimwuliza.

"Kule."

Yule mwanamume alishika rozari yake, akasita. "Mama, mie niko mukristo. Siwezi kuingia kwa mizimu."

"Na mie niko mukristo. Vua viatu, tuende!"

Akawaingiza. Viatu vyao nilivitupa ndani ya kapu, nikamwaga maharage juu, nikakaa kuyachambua. Nilitupa maharage mazuri nikabakiza mabovu.

Wenye silaha walipekua kila nyumba. Kisha mkubwa wao akauelekea msitu. Mama mkwe alikuwa ameshatoka, amesimama kwenye njia ya kuingilia.

"Mule iko nani?"

"Mule njo kwa bami, Papa. Muntu haingie na viatu."

Vijana wake walirudi nyuma. Mmoja alisema waziwazi kwamba yeye haingii. Mkubwa alicheka, lakini nilimwona akiinama na kufungua kamba za buti zake. Akaingia peke yake, bunduki mbele.

Tulisikia matawi yakivunjika, karibu, halafu mbali kidogo. Nilisubiri mlio wa risasi. Badala yake tulisikia matusi, na mkubwa akatoka mbio akijipigapiga mapaja. Siafu walikuwa wamempanda hadi kiunoni.

Akamwelekezea mama mkwe bunduki. "Ulijua!"

"Siafu si batumishi bangu, Papa," alijibu. Hakuondoka njiani.

Walichukua mbuzi wetu wote wakaondoka.

Tuliwakuta wale wawili katikati ya msitu. Mke alikuwa amejaza ncha ya kitenge mdomoni ili asipige kelele, miguu yake imejaa damu na siafu. Mumewe, kwa kumwonea huruma, alikuwa amempandisha juu ya jiwe la kaburi. Mama mkwe aliona. Alipiga magoti akaanza kumtoa siafu mmojammoja.

Mchana uleule tuliwavusha hadi upande mwingine wa ziwa. Mama mkwe hakula siku ile.

"Nilibaingiza bageni bila kuomba bami ruhusa," aliniambia. "Bami bakikasirika, bakasirike na mie. Hapana na ule mama."

Mume wangu aliporudi kutoka Sake alisema amekutana nao sokoni, wakitafuta gari la kwenda kwao. Miguu ya mke ilikuwa bado imevimba.

"Balifika bote wawili?" mama mkwe aliuliza.

"Bote wawili, Mama."

Alikaa chini palepale mlangoni, akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mumewe.