Vitunguu vya Meksiko

Kwenye basi la barabara ya Finch, huku ughaibuni, theluji ikipiga madirisha, mume na mke wa kwetu waliorudi juzi kutoka safari ya meli walikuwa wanagombana kwa Kiswahili, kwa sauti ya watu wanaoamini hakuna anayewaelewa.

"Meli nusura ituache Meksiko kwa sababu yako," alisema mume. "Tumeshuka bandarini tutembee mji kwa miguu, tuone maduka, tupige picha. Wewe ukaingia uani kwa watu!"

"Walikuwa wamefunga turubai, wamepanga viti vya plastiki, kina mama wanamenya vitunguu. Nipite tu kama sijaona shughuli?"

"Ulimjua nani pale?"

"Walinipa kisu." Akakata hewa kwa kiganja, chap chap chap, kumwonyesha.

"Honi ya meli inalia, nakuita, unaniambia nisubiri wali uive!"

"Ningeondokaje kabla watu hawajala?"

Mume akashusha sauti. "Hivi ile ilikuwa harusi au msiba?"

Mke akainua mabega. "Sijui, baba. Wote tulikuwa tunalia, lakini si vitunguu?"

Nilicheka kwa nguvu, wote wawili wakageuka kunitazama: kumbe naelewa.

Nilipofika kwangu, korido nzima ilinukia vitunguu vya jirani, na ndani kwake kulijaa watu. Miaka yote hii sijawahi kumpigia hodi. Akiwa na shughuli tena, nitakwenda, kisu changu mkononi. Ninachoomba tu ni asiite polisi.