Laptopu Iliyokuwa na Kiti Chake

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni masikio. Nawapima watu wasiosikia, kwa hiyo ukiniambia kwamba nilisikia vibaya siku ile, nitakujibu kwamba hiyo ndiyo kazi ninayolipiwa: kujua nani anasikia na nani hasikii. Na sikuwa peke yangu. Dafroza yupo, anaishi Lubarika, muulize.

Ilikuwa mchana, tena. Watu hupenda kufikiri mambo haya huja usiku tu.

Nina chumba kidogo huku Rugenge, mjini Uvira, pembeni ya kituo cha afya. Humo kuna kisanduku cha kijivu tulichopewa zamani na wafadhili ambao walishaondoka. Ndicho kinachorekebisha aparei, vile vifaa vidogo vya kusikia ambavyo mtu anavaa nyuma ya sikio. Peke yake hakifanyi kitu. Lazima kifungwe kwenye laptopu, na si laptopu yoyote. Kable yake ni nene, kichwa chake ni kipana, kina matundu tisa na skrubu mbili za kukazia. Laptopu za sasa hazina mlango wa kupokea kitu kama hicho. Zina vitundu vyembamba tu vya pembeni.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na laptopu yetu ya zamani ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Fundi aliifungua, akaifunga, akanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Nilihangaika, niamini. Parokia iliniazima laptopu mpya, nzuri, nyepesi kama sahani. Nikanunua kable ya kuunganisha kitu cha zamani na kipya. Laptopu ikaikubali ile kable, lakini programu ya aparei ikakataa kabisa. Programu ile ni ya zamani, inatafuta mlango mahali ulipokuwa siku zote. Isipoukuta, inaandika tu kwa Kifaransa kwamba kisanduku hakionekani. Nikauliza mpaka Bujumbura. Wakaniambia ninunue kisanduku kipya, kwa bei ambayo ni afadhali nisiitaje.

Basi, Dafroza akafika katika hali hiyo.

Huyu ni mama kijana, mkulima wa huko bondeni Ruzizi. Homa ya ubongo ilimchukulia masikio akiwa msichana. Tulimpa aparei, nikazipanga, akasikia vizuri, akaolewa. Lakini alipozaa, kusikia kwake kukashuka tena, na aparei zikawa hazimtoshi. Zilihitaji kupangwa upya. Alinieleza yaliyompata akiwa amesimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

Alimlaza mtoto kivulini, ukingoni mwa shamba, yeye akaendelea kulima mgongo ukiwa umegeukia upande ule. Siafu wakamwingia mtoto. Akalia mpaka majirani wa ng'ambo ya mfereji wakasikia, wakaja mbio. Mama yake alikuwa karibu kuliko wote, na alikuwa angali analima. Alipogeuka aliwakuta watu wanamvua mtoto nguo na kumkung'uta.

“Mama mukwe amechukua mutoto,” aliniambia. “Anasema ananipendaka, lakini mutoto ataikala kwake mpaka akuwe mukubwa. Naendaka kule kunyonyesha, kiisha narudi. Mama munganga, nipangie masikio.”

Ningemwambia nini? Nilimtazama usoni ili asome midomo yangu, nikamwambia mashine imekufa. Nikamwomba anipe zile aparei, nikazitia ndani ya mkoba wangu, nikamwambia twende tukatafute pamoja. Kumbuka hilo la mkoba. Masikio yake yalikuwa matupu.

Tulizunguka maduka yote ya laptopu zilizokwisha kutumiwa Ulaya. Nilikuwa nageuza kila moja kutazama mgongo wake na mbavu zake, wauzaji wakinishangaa kwa sababu wateja wengine huangalia kioo. Moja ilikuwa na mlango mpana, nikafurahi, kumbe ni ule wa kupelekea picha ukutani, una matundu kumi na tano. Nyingine ilikuwa na mlango wenyewe lakini haikuwaka.

Mvua kubwa ikatukuta barabarani. Tukakimbilia duka la mwisho, la Ramazani, mtu wa zile familia za Waislamu waliofanya biashara hapa ziwani tangu mababu. Umeme ulikuwa umekatika, mle ndani kulikuwa na giza la mawingu. Ramazani alitukaribisha, akatuonyesha rundo la laptopu juu ya meza, kisha akasikia maji yanavuja stoo, akakimbilia huko na ndoo.

Tukabaki wawili. Tumeinamia rundo, migongo yetu imeelekea mlangoni.

Nikasikia sauti ya mzee nyuma yetu, karibu kabisa na sikio langu la kulia.

“Karibuni, wanangu. Muko natafuta nini na mvua hii yote?”

Kabla sijafungua mdomo, Dafroza akajibu.

“Amahoro, mutama,” akasema, akimsalimia kwa Kirundi kama anavyosalimiwa mzee kwao. Akaendelea kumweleza, bila kugeuka, huku akifuta vumbi kwenye laptopu kwa kitenge chake, kwamba tunatafuta mashine ya kumpa masikio.

Umeelewa? Aparei zake zilikuwa begani kwangu. Midomo ya yule mzee hakuwa ameiona. Mimi nimempima mwanamke huyu kwa mikono yangu, ngoma ikipigwa nyuma yake hageuki.

Nikageuka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya mlango, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo, inaingia ndani, sakafu yote ya pale inang'aa maji. Kanzu yake ilikuwa kavu. Alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, kama wanavyofanya wagonjwa wangu wote.

“Ile nyeusi ya chini,” akasema. “Usiiangalie yenyewe. Iko na kiti yake. Kiti iko chini ya termosi.”

Nilitaka kuuliza ni nani, lakini akaniwahi. Akatabasamu.

“Na umwambie mwanangu asinipigie tena kelele asubuhi. Sasa nasikia muzuri.”

Ramazani akatokea na ndoo. Nikamtazama yeye kidogo tu, niliporudisha macho kiti kilikuwa kitupu. Mlangoni kulikuwa na mvua tu, ukuta wa mvua. Hakuna aliyepita.

“Yule mzee ameenda wapi?” nikauliza.

“Mzee gani?”

“Aliyekuwa ameketi hapo.”

Dafroza naye alikuwa amegeuka, anatafuta kwa macho. Ramazani akaweka ndoo chini polepole. Nikamweleza nilichokiona: kanzu, kofia, kiganja nyuma ya sikio. Kisha nikamfikishia ule ujumbe wote kama nilivyopewa, wa kelele za asubuhi na wa kiti kilicho chini ya termosi. Mtu mzima yule akakaa sakafuni, kwenye maji.

“Ule njo baba yangu,” akasema. “Alikufa mwaka ule maji ya ziwa yalipanda mpaka kwenye nyumba za chini. Mwisho-mwisho masikio yake yalikuwa yamekufa kabisa. Kila asubuhi nikifungua duka nilikuwa nasimama mbele ya kiti yake, namupigia kelele: *Baba, umeamukaje!* Na sasa miye nafanyaka vile vile. Kila siku, kabla ya kufungua madirisha. Hakuna muntu anajua ile. Hata muke yangu hajue.”

Akakitazama kile kiti kitupu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, “Anasema anasikia?”

“Anasikia vizuri. Amesema mwenyewe.”

Alilia, na nadhani kilikuwa kile kilio cha mtu aliyetua mzigo. Sisi tukasimama tu, tukamwacha. Kisha akajipangusa, akaenda kwenye kona anakowekea chai. Termosi ilikuwa imesimama juu ya kitu cheusi kilicho bapa, ambacho alikuwa anakitumia miaka yote kama kimeza. Akakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na safu ya milango, na katikati ya safu hiyo ule mpana wenye meno tisa, na mahali pa skrubu mbili.

Kilikuwa kitako cha laptopu, aina ambayo maofisi ya Ulaya yalikuwa yanaacha mezani ili mtu akifika aikalishe mashine yake juu yake. Laptopu yenyewe, ile nyeusi ya chini, haikuwa na mlango wowote wa maana. Ningeigeuza, nikaitupa pembeni kama nyingine. Tulipoikalisha juu ya kitako, ikaingia na kulia *tak*.

Umeme uliporudi, ikawaka. Ilikuwa na mfumo wa zamani, ule ule ambao programu yangu inaujua. Tulielewana na Ramazani, na hilo ni letu wawili.

Asubuhi yake nikafunga kable, nikakaza skrubu, nikaweka diski ya programu. Kisanduku cha kijivu kikawasha taa yake ya kijani, na kwenye kioo yakaja maneno niliyoyasubiri muda mrefu: kimepatikana.

Dafroza hakuja peke yake. Mama mkwe wake alikuja naye, mtoto mgongoni, uso umekaza. Nikawaketisha. Nikapanga sikio la kwanza, nikapanga la pili, nikiongeza kidogo kidogo kama mtu anayetia chumvi. Kisha nikamvalisha, nikarudi nyuma.

Dafroza akainua kichwa.

“Ni nini ile?” akauliza. “Ile: *hik, hik.*”

Mama mkwe akashtuka. “Mutoto ana kwikwi,” akasema.

Dafroza alikuwa hajawahi kuijua. Mtoto wake alikuwa na kwikwi tangu kuzaliwa, kila akishiba, na yeye hakuwa na habari. Akacheka mpaka akashika tumbo. Yule mama mkwe alimtazama, akafungua fundo la kitenge kifuani, akamteremsha mtoto, akamweka mikononi mwa mama yake. Waliondoka hivyo hivyo, mtoto akiwa kwa Dafroza, bibi akibeba mfuko.

Mlangoni, kabla hawajaondoka, nilimuuliza Dafroza yule mzee wa dukani alizungumza naye lugha gani. Akanishangaa. “Kirundi. Kirundi cha kwetu kabisa, kama baba yangu.” Mimi nilisikia Kiswahili cha Uvira, neno kwa neno.

Tangu siku ile sikio langu la kulia ni la baridi. Sijaribu kukutisha, njoo ulishike. Jua la saa saba likiwaka, la kushoto lina joto kama mwili wote, la kulia ni kama limetoka majini. Daktari amelichungulia, hakuona kitu, na mimi mwenyewe nimelipima: linasikia kuliko zamani. Ramazani bado anafungua duka kila asubuhi, ila sasa anamsalimia baba yake kwa sauti ya kawaida.

Nawe unayenisikiliza, chunga. Ukiwa mahali na mtu ambaye unajua kabisa hasikii, halafu umwone anajibu salamu ambayo hukuisikia ikitolewa, usimcheke, wala usimshike mkono kumrudisha. Geuka na weye, taratibu, umsalimie aliyeko. Huenda ameongea muda mrefu, na ni wewe tu uliyekuwa hujamsikia.