Mstari wa Yvette katika Daftari la Papa Onema

Papa Onema hakuniamini tangu asubuhi ya kwanza nilipofungua kompyuta katika ofisi ya parokia. Alivuta kiti chake mpaka bega lake likagusa langu, akaweka daftari la wafu mapajani na kulifunika kwa viganja viwili. Padri alitaka niliingize lote katika Excel, ili familia zilizotawanyika wakati wa vita zijue ndugu zao wamelala wapi.

"Weye mutoto, nani alikutuma kabisa kabisa?"

"Ni padri, papa."

"Na padri, nani alimutuma?"

Daftari lile alilianza mwaka 1998, vita ilipoingia mji huu wa Kindu. Alikuwa karani wa makaburi. Alisimama kando ya kila shimo mpaka lifukiwe, ndipo akaandika jina na namba. Askari walioshika mji hawakutaka mtu ahesabu wafu, na mara mbili walikuja kupekua ofisi. Basi akaacha tarakimu za kawaida, akaandika za Kirumi alizofundishwa shuleni na mapadri wa zamani. Askari walipoona CLXXIII pembeni mwa jina walidhani ni Kilatini cha sala, wakamrudishia daftari lake. Toka hapo hakumwamini mtu yeyote anayesoma haraka.

Na Excel inasoma haraka mno. Unaandika fomula yake ya Kifaransa, CHIFFRE.ARABE, unaionyesha kisanduku chenye XLIX, inakupa 49. Ukiivuta chini, safu nzima inageuka. Papa Onema alishuku wepesi huo. Alikuwa na karatasi zake, namba zote amezigeuza mwenyewe nyumbani kwa kalamu, wiki mbili nzima, na alisema kila mstari wa mashine utapimwa nazo. Mimi pia nina hasira zangu. Nilimwuliza, kama kazi imekwisha, nimeitwa kufanya nini?

Alinisomea daftari siku tatu, mimi nikiandika. Baada ya CCXIV alisoma, "Yvette Okito, octobre 2002," akafungua ukurasa mwingine mbiombio.

"Namba yake, papa?"

"Andika jina."

Aliyefuata alikuwa CCXV. Mchana, alipokwenda kula, nilivuta fomula, na mstari wa Yvette ukatoa sifuri. Sasa nikaanza mimi kumshuku yeye. Mtu anayehesabu namna ile hasahau. Labda kuna mtu alizikwa kwa siri, na labda ndiyo maana daftari halibanduki mapajani. Nikampa Yvette 215, nikasogeza mbele wote waliomfuata, nikanyamaza nione atafanya nini.

Kesho yake alianza kupima, akianzia mwisho. Karatasi yake ilisema 388. Skrini yangu, 389.

"Umeongeza mufu," alisema.

"Sikuongeza mutu, papa."

"Umeongeza! Iko wapi?"

Akapanda juu mstari kwa mstari, kidole kikiacha alama kwenye skrini, mpaka kikasimama kwenye 215. Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Aliifunika ile 215 kwa kiganja, nami nikajua nimefanya kitu kibaya hata kabla sijajua ni kitu gani.

"Huyu njo mutoto wangu," alisema. "Nilimupa Okito, jina ya baba yangu."

Mwaka ule mji ulizingirwa na njaa ikauma. Yvette alikuwa na miaka kumi na sita. Alivuka mto kwenda upande wa Alunguli kutafuta sombe, majani ya muhogo, na hakurudi. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, majina ya daftarini husomwa kanisani, na mama yake alilia apate kulisikia la Yvette. Papa Onema akaliandika kwa ajili ya mke wake.

"Jina nilitoa. Lakini namba njo ya shimo. Mimi sikuona shimo yake. Weye ulimuona? Juu ya nini unamuzika?"

Niliona haya, nikalia mbele yake bila kujificha. Nilifuta 215, nikawarudisha wote mahali pao, na hesabu ikarudi kuwa 388. Mstari wa Yvette ukaonyesha sifuri tena. Nikamwuliza kama niifute nayo.

Alinitazama kwa yale yale macho ya siku ya kwanza.

"Hii liste itafika wapi?"

"Fasi yote, papa. Kisangani, Goma, mpaka Ulaya. Mutu yeyote ataweza kuifungua."

"Hata mutu mwenye kujitafuta mwenyewe?"

"Hata yeye."

Alivuta kiti karibu zaidi. Kisha akanitajia namba ya simu yake, tarakimu moja moja, niiweke kwenye mstari ule, mbele ya jina, mahali pa ile sifuri. Nilipomaliza aliniambia niisome kwa sauti. Nikaisoma. Akaniambia niisome tena.